Dawa ya huzuni si karanga za kugawana njiani

Na Mwandishi Maalumu, Rusumo

WIKI tatu zilizopita, katika kituo cha pamoja cha mpakani hapa Rusumo, afisa mmoja wa upande wa Tanzania alifungua mkoba wangu, akatoa pakiti ndogo ya vidonge na kuniuliza kwa adabu: "Shikamoo mama. Hizi nazo ni za biashara?"

"Marahaba mwanangu," nikamjibu. "Hizo ni zangu, za kunywa. Ni dawa ya sonona. Cheti chake hicho hapo, nimekikunja pamoja na kitambulisho."

Akasoma, akanirudishia. "Pole mama. Safari njema."

Nyuma yangu kwenye foleni wenzangu walikuwa wamenyamaza kimya. Mmoja wao, ambaye tunafuata naye mchele Kahama, alinifuata hadi kwenye gari na kuninong'oneza: "Dada, mbona vinafanana na vile ninavyouziwa mimi, kimoja kimoja, eti vya usingizi? Kumbe ni vya nini hasa?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mimi si daktari. Ni mfanyabiashara mdogo wa mchele na maharage, mwenye umri wa miaka 58. Lakini dawa hii naijua kwa kuinywa, kwa kuikosea, na kwa siku moja iliyotaka kuniondolea mjukuu.

Tulivyorudi

Nilizaliwa Karagwe, mkoani Kagera, kwa wazazi waliokimbia Rwanda. Nikaolewa huko huko na Mtanzania, nikalima, nikafuga. Mwishoni mwa Julai mwaka 2013 lilipotoka agizo kwamba wahamiaji wasio na vibali waondoke ndani ya wiki mbili, mimi nilikuwa miongoni mwa maelfu ya Wanyarwanda waliovuka Rusumo. Mume wangu alibaki na shamba na ng'ombe. Tulikubaliana kwamba mambo yakitulia tutaona la kufanya.

Nililala kwenye mahema ya Kiyanzi, wilayani Kirehe. Baadaye tuligawanywa katika vijiji, nikapata pa kuishi, nikaanza biashara kwa gunia moja. Wengi mnaosoma makala haya mnaijua njia hiyo.

Machi mwaka 2020 mpaka ulifungwa kwa ajili ya korona. Mizigo mikubwa iliendelea kupita, lakini sisi wa magunia mawili matatu hatukupita. Mtaji ukaliwa. Mwaka 2021 nikapigiwa simu kwamba mume wangu amefariki. Kutoka kijijini kwangu hadi kaburi lake ni safari ya siku moja tu, lakini sikumzika. Mpaka ulipofunguliwa Machi mwaka 2022, nilikwenda nikakuta kaburi limeshaota majani.

Nilirudi kazini kama wengine. Lakini ilipofika mwisho wa mwaka ule nilikuwa naamka saa tisa usiku na kukodoa macho hadi alfajiri. Chakula kikawa kama majani makavu mdomoni. Siku za soko nilikuwa nafunga kanga, nafika mlangoni, narudi kitandani. Watu walisema ni uchovu. Wengine walisema nimerogwa na washindani.

Kidonge kisicho na jina

Shoga mmoja alinielekeza duka fulani la dawa ng'ambo ya mpaka, kando ya barabara. Sitalitaja. Muuzaji hakuniuliza cheti wala ugonjwa. Alifungua kopo kubwa, akahesabu vidonge kumi, akavifunga kwenye kipande cha gazeti. Maelekezo yake yalikuwa maneno manne: "Kimoja usiku, kikikataa viwili."

Kweli nililala. Baada ya wiki nikaona kimoja hakitoshi, nikameza viwili, tena siku hiyo nilikuwa nimetoka kwenye sherehe ya ubatizo ambako nilikunywa urwagwa. Usiku wa manane niliamka kwenda haja. Niliposimama tu, dunia ikazunguka, nikaanguka kwenye kizingiti na kupasuka paji la uso.

Katika kituo cha afya, wakati wa kunishona, muuguzi aliuliza: "Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?" Nikafungua kile kipande cha gazeti. Akavigeuza vidonge, akasema hawezi kuapa ni nini kwa kuviangalia tu. Mwanangu alimpigia simu muuzaji, naye akasoma jina kwenye kopo: amitriptilini, miligramu 25.

"Hii si dawa ya usingizi," muuguzi akasema. "Usingizi ni mkia wake tu. Hii ni dawa ya agahinda gakabije." Ndilo jina la Kinyarwanda la ugonjwa ambao kwa Kiswahili tunauita sonona, yaani huzuni kali isiyoondoka. Akaniandikia nikaonane na wahusika wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya.

Dawa yenyewe ni ipi?

Niliyojifunza pale hospitalini ni haya. Amitriptilini, ambayo kwenye pakiti huandikwa Amitriptyline, ni ya kundi la dawa zinazoitwa trisaikliki, kwa sababu umbo lake la kikemia lina pete tatu zilizoungana. Ya kwanza katika kundi hilo, imipramini, ilifahamika kwa kazi ya daktari Roland Kuhn katika hospitali ya Münsterlingen nchini Uswisi. Alikuwa akiijaribu kwa ugonjwa mwingine wa akili, ikashindwa, lakini akaona wagonjwa wenye huzuni nzito wanachangamka. Alitangaza matokeo yake mwaka 1957. Amitriptilini ikaingia sokoni mwaka 1961.

Ni dawa kongwe basi, tena ya bei nafuu, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Hufanya kazi kwa kuuachia ubongo serotonini na noradrenalini kwa muda mrefu zaidi. Hizo ni kemikali zinazopeleka habari kutoka chembe moja ya ubongo hadi nyingine. Kwa kiasi kidogo hutumika pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, kama miguu inayowaka moto kwa wenye kisukari, na kuzuia kipandauso kisirudi rudi. Ndiyo maana unaweza kukuta watu wawili wana kidonge cha aina moja kwa magonjwa mawili tofauti, na dozi mbili tofauti.

Wala wanaoihitaji si wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili uliofanyika Rwanda mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 12 ya watu kwa ujumla walikuwa na sonona, na kwa manusura wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 ilikuwa asilimia 35. Kwa hiyo kwenye foleni ya mpakani, mgonjwa si lazima awe yule anayeongea peke yake. Anaweza kuwa yule anayehesabu fedha zake kimya kimya.

Maswali ya hospitalini

Muuguzi wa afya ya akili hakuanza na dawa. Alianza na maswali. Silali tangu lini? Je, huzuni na kukosa hamu ya mambo vimezidi wiki mbili, karibu kila siku? Nafanya kazi zangu? Nakula? Kisha akauliza, kwa sauti ile ile: "Kuna siku unatamani usiamke?"

Nilikaa muda mrefu. Nikamwambia ndiyo, zipo.

Hakushtuka, wala hakunikaripia. Alisema ni vizuri nimesema, na kwamba mtu akiulizwa swali hilo hapandikizwi wazo, bali anapunguziwa mzigo. Akaongeza kwamba kwa sababu hiyo hatanipa dawa ya mwezi mzima. Nitachukua ya wiki moja moja, na mwanangu ndiye atakayeitunza. Wakati ule niliona kama napunguziwa heshima. Leo najua sababu: amitriptilini ikizidishwa huvuruga mapigo ya moyo, huleta degedege na kupoteza fahamu, na inaweza kuua ndani ya saa chache.

Akaendelea kuuliza. Nina ugonjwa wa moyo? Kifafa? Presha ya macho? Niliwahi kupata kipindi cha furaha na nguvu za kupita kiasi, nisilale wala nisichoke? Wenye ugonjwa huo wa hisia kupanda na kushuka wakipewa dawa hii peke yake wanaweza kupandishwa wazimu. Mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kukwama mkojo. Mjamzito na anayenyonyesha hana budi kusema mapema. Vijana walio chini ya miaka 25 huangaliwa kwa karibu wiki za mwanzo, kwa kuwa mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kabla nafuu haijaja.

Akaniambia pia kwamba si kila huzuni huhitaji kidonge. Msiba wa juzi na hasara ya gunia lililolowa mvua huhitaji watu, mapumziko na muda. Kidonge ni kwa pale huzuni inapogeuka ugonjwa wa kati au mkali. Hata hapo huenda pamoja na mazungumzo. Kila nilipofuata dawa, tuliongea. Nilimweleza habari za Karagwe, na za kaburi.

Wiki nne za subira

Nilianza na kidonge kimoja usiku, kisha daktari akaongeza taratibu. Wiki ya kwanza na ya pili nilipata taabu bila faida. Mdomo ulikauka kama nimelamba unga. Choo kikawa kigumu. Macho yaliona ukungu nikisoma namba za simu. Asubuhi nilikuwa mzito kama niliyekesha. Nikataka kuacha.

Muuguzi alinionya mapema: madhara madogo hutangulia, nafuu huja nyuma, kwa kawaida kati ya wiki ya pili na ya sita. Akanifundisha kunywa maji kidogo kidogo, kula mboga za majani na matunda, na kuinuka kitandani kwa awamu: kaa kwanza, hesabu hadi thelathini, ndipo usimame. Laiti muuzaji wa ng'ambo angeniambia hilo moja tu, nisingekuwa na kovu hili.

Katika wiki ya nne, jioni moja, nilisikia harufu ya maharage ya jirani, nikagundua kwamba nina njaa. Mengine yalifuata: usingizi hadi saa kumi na moja, kisha hamu ya kwenda sokoni.

Nikiwa nimepona, nikafanya kosa la pili. Nilikwenda Kahama kwa siku kumi nikaziacha dawa nyumbani makusudi, nikijiona mzima. Siku ya tatu nikaanza kichefuchefu, jasho, kichwa kuuma na ndoto za kutisha. Dawa hii haileti uraibu wa kuitamani kama pombe, lakini mwili ukiizoea haupendi kukatiwa ghafla. Huachwa kwa kupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki nne au zaidi, tena baada ya kuendelea nayo miezi tisa hadi kumi na miwili tangu mtu ajisikie mzima. Mimi niliporudi nilianzishwa upya chini ya uangalizi.

Malaria njiani

Jambo jingine ambalo wasafiri tunalipuuza ni kuchanganya dawa. Mwaka jana nilishikwa na homa nikiwa Benaco. Kwenye zahanati kipimo kikaonyesha malaria. Mtoa huduma alikuwa anafungua dawa mseto, nikampa cheti changu. Akasoma, akasita, akampigia daktari.

Alinieleza kwamba baadhi ya dawa za malaria, ikiwemo dawa mseto yenye lumefantrini, na pia kwinini, zinaweza kugusa umeme wa moyo kama inavyofanya amitriptilini. Tena lumefantrini inaweza kulichelewesha ini kuiondoa amitriptilini mwilini, ikajazana. Nilipelekwa hospitali kubwa zaidi, moyo ukapimwa, daktari akaamua dawa ya kunipa huku wakiniangalia. Naomba nieleweke: malaria ilitibiwa siku ile ile. Malaria huua, wala haiachwi kwa sababu ya kidonge cha huzuni. Ila daktari lazima ajue vyote viwili.

Zipo nyingine. Tramadoli, ile dawa ya maumivu ambayo vijana wa kupakia mizigo huitafuna ili wasisikie uzito, ikikutana na amitriptilini inaweza kuleta degedege na hali mbaya ya mwili kutetemeka na kuchemka. Dawa za mafua zinazoleta usingizi huongeza ukavu na uzito wa kichwa. Pombe huongeza usingizi na kuanguka. Na dereva wa lori au wa pikipiki asishike usukani hadi ajue dawa inamfanyaje.

Siku ya mjukuu

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ni gumu kulisema. Nilipoaminiwa kukaa na dawa zangu mwenyewe, nilikuwa naziweka chini ya mto. Asubuhi moja nilimkuta mjukuu wangu wa miaka mitatu amekaa kwenye mkeka, ulimi mweupe, pakiti mkononi. Nikahesabu. Vilipaswa kubaki tisa. Vilikuwa saba.

Nilitaka kumtia kidole kooni atapike. Jirani yetu, mshauri wa afya wa kijiji, akanishika mkono: "Usimtapishe! Mbebe, na pakiti ubebe." Alipiga 912, namba ya gari la wagonjwa hapa Rwanda. Njiani mtoto alianza kusinzia, mboni za macho zimepanuka, moyo wake mdogo ukienda mbio chini ya kiganja changu.

Hospitalini walimwekea dripu na kumfunga mashine ya kupima umeme wa moyo, wakakaa naye usiku kucha. Daktari alisema tumemwahisha, na kwamba pakiti ile iliwaokolea muda, maana walijua mara moja wanapigana na nini. Kwa mtoto mdogo, vidonge vichache vinavyomlaza bibi yake usingizi vinaweza kuusimamisha moyo. Alfajiri aliomba uji. Mimi sikuweza kumjibu kwa kulia.

Tangu siku hiyo dawa zangu zinakaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli, juu ya kabati, na ufunguo ninao shingoni.

Kwa wenzangu wa njiani

Ndugu wasomaji, hasa mliorudi kama mimi na mnaovuka kila wiki, niliyoyalipia kwa damu na machozi nawapa bure. Msinunue kidonge kisicho na jina, hata kikiwa rahisi. Msimgawie mwenzako chako, hata akilia kwamba halali, kwa kuwa hujui moyo wake una nini. Ukisafiri, chukua dozi za siku zako na za ziada kidogo, zikiwa kwenye pakiti yake, pamoja na cheti. Ukisahau kidonge kimoja usiku, usimeze viwili kesho yake. Ukiona moyo unapiga ovyo, ukazirai, ukashindwa kukojoa au macho yakauma ghafla, nenda hospitali bila kungoja. Na kama kuna siku unatamani usiamke, mwambie mtu leo hii. Mwambie muuguzi, mshauri wa afya, au yeyote unayemwamini.

Hapa Rwanda huna haja ya kufika Ndera, kwenye hospitali kuu ya magonjwa ya akili, ili uanze kusaidiwa. Hospitali za wilaya zina wahudumu wa afya ya akili, na kadi ya mutuelle inapokelewa. Aibu nilikuwa nayo. Lakini nilipomjibu yule afisa mbele ya foleni nzima, hakuna aliyenicheka.

Yule mwenzangu wa Kahama amenipa vidonge vyake vilivyobaki. Viko ndani ya karatasi ya daftari, havina jina. Jumatano hatukwenda kufuata mchele. Tulikwenda hospitali ya wilaya, tukakaa kwenye benchi lile lile nililokaa mimi, tukangoja jina lake liitwe.